Harusi za Mfunguo Mosi Hazingoji Prosesa Mpya

 

Mazungumzo ya leo ni ya fedha na kompyuta. Naulizwa suali moja na watu wa kila namna: mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA, mchora ramani za nyumba, kijana anayetengeneza muziki chumbani kwake. Wote wanasema, hii prosesa kubwa niinunue sasa au ningoje inayokuja? Nitalijibu kwa kumchukua muulizaji mmoja tu, kwa sababu jibu la jumla katika jambo hili halimfai mtu.

Huyu ni binti wa Kikwajuni, hapa Unguja, mtoto wa jirani, ananiita ami. Kazi yake ni kuhariri video za harusi, tena za upande wa wanawake. Nyinyi mnaojua harusi zetu mnaelewa. Ukumbi wa kina mama haingii mpiga picha mwanamme, simu zinazuiwa mlangoni, na bibi harusi na jamaa zake wanavua mabuibui wakiwa na imani kwamba picha zile hazitatoka nje. Kwa hiyo mpiga picha ni mwanamke, mhariri ni mwanamke, na mafaili hayatoki mikononi mwa wanaoaminiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu linafunga njia moja wanayoitumia wahariri wa nchi nyengine, nayo ni kukodi kompyuta yenye nguvu kupitia intaneti, ukapeleka mafaili huko na kazi ikafanyika mbali. Huyu binti akifanya hivyo atakuwa amevunja amana ya watu. Nguvu anayoihitaji lazima iwepo chumbani kwake.

Chumba chenyewe kimo katika yale majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki miaka ya 1960. Kompyuta yake ni mtumba wa ofisini, yenye Core i7 ya kizazi cha nne, toleo la mwaka 2013. Kamera ni mpya, inapiga 4K. Akiifungua klipu ya kamera ile kwenye kompyuta ile, picha inakwama, ngoma inaendelea kulia, na sura ya bibi harusi imeganda. Video ya saa mbili anaiacha irende, yaani kompyuta iitoe video iliyokamilika, baada ya Isha, na alfajiri bado haijamalizika.

Ameweka akiba, na macho yake yako kwenye Ryzen 9 9950X ya AMD, yenye viini 16, ambayo ilipotoka Agosti 2024 ilitangazwa kwa dola 649. Kaka yake yuko Dubai, anaweza kumletea. Lakini kuna mtu kamwambia: usinunue, kuna kizazi chengine kiko njiani, utajuta.

Nianze na huyo mshauri wa kungoja, maana maneno yake yana sura ya busara na watu wengi wanayafuata. AMD walitoa Ryzen 5000 Novemba 2020. Ryzen 7000 ikafuata Septemba 2022. Ryzen 9000 ikaja Agosti 2024. Kila miaka miwili kasoro miezi, kizazi kipya. Intel nao walitoa prosesa mpya za mezani 2021, 2022, 2023 na 2024, kila mara mwisho wa mwaka. Maana yake, siku yoyote utakayosimama dukani Darajani, kuna prosesa mpya iliyo njiani. Mtu anayengoja kwa hoja hiyo peke yake hana siku ya kununua mpaka anakwenda kaburini.

Zamani kungoja kulilipa. Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa Intel, aliandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi ndani ya kipande cha silikoni inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Katika miaka ya 1990 aliyejizuia kwa miaka miwili alipata kompyuta iliyoiacha mbali ile aliyoikosa, kwa bei ile ile au chini yake. Sisi tulioanza kuzishika kompyuta wakati ule tabia hiyo imetukaa mwilini, na ndiyo tunayowapa vijana kama nasaha. Siku hizi hali si hiyo. Ryzen 9000 ilipopimwa na wachambuzi kwa kazi za kila siku, katika kazi nyingi haikuizidi 7000 hata kwa sehemu moja ya kumi. Miaka miwili ya kungoja, halafu faida ambayo mhariri aliyekaa kwenye kiti haihisi.

Na Intel? Hapo pana kisa kinachowakata wote wawili, mwenye haraka na mwenye subira. Walionunua mapema prosesa za juu za kizazi cha 13 na cha 14, zilizotoka Oktoba 2022 na Oktoba 2023, ilipofika 2024 baadhi yao walikuwa katika mtihani mkubwa. Prosesa zilikuwa zinaomba volteji kupita kiasi na kudhoofika kidogo kidogo kwa ndani, programu zikawa zinaanguka na mtu hajui sababu. Agosti 2024 Intel wakatoa marekebisho ya maikrokodi na wakaongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini prosesa iliyokwisha kudhoofika haiponi, ni ya kubadilishwa. Utasema basi aliyengoja kashinda. Aliyengoja alipata Core Ultra 9 285K, Oktoba 2024, kwa dola 589, ambayo katika michezo mingi ya kompyuta ilishindwa na i9-14900K iliyoitangulia. Juu ya hayo soketi ilibadilika, kwa hiyo ilimlazimu anunue na mazabodi mpya.

Sisi wenyewe huku tuna historia katika jambo hili, na naona inafundisha zaidi. Mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Nchi nyingi tajiri kuliko sisi zilikuwa bado kwenye rangi nyeusi na nyeupe. Upande wa pili wa mlango wa bahari, huko Bara, mambo yalikwenda vyengine. Wizara ya Fedha ilikuwa imepata kompyuta ya kwanza ya nchi mwaka 1965, matokeo yake yakawavunja moyo wakubwa wa Hazina, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta pamoja na televisheni. Vyombo vya thamani, fedha za kigeni haba, wataalamu wachache. Hoja zilikuwepo, na wala sizidharau. Lakini Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Miaka ishirini.

Aliyengoja alinunua mitambo mizuri zaidi kwa bei nafuu zaidi, hilo kweli. Na ile ya kwetu iliyonunuliwa mapema ilichakaa, vipuri vikawa vya shida. Hata hivyo mimi nasimama upande wa ule ununuzi wa 1973, kwa sababu moja: kwa miaka hiyo ishirini kulikuwa na mafundi waliokuwa wakijifunza kushika kamera, watangazaji waliokuwa wakijifunza kukaa mbele yake, na watazamaji waliokuwa wakiiona michezo ya kuigiza ya kwao wenyewe. Bei ya mitambo inashuka. Kazi ambayo haikufanyika mwaka ule, na ufundi ambao mtu hakuupata akiwa kijana, hakuna duka linalouza.

Kwa hiyo nilipokaa na yule binti sikumuuliza kuhusu viini 16. Nilimuuliza: mwaka jana ulizikataa harusi ngapi? Alinieleza kwamba harusi za Shaabani huwa nyingi kabla watu hawajafunga, Ramadhani hakuna, kisha ikiingia Mfunguo Mosi zinarudi kwa kishindo, na Mfunguo Tatu tena. Kazi za Shaabani zilikuwa hazijamalizika Idi ilipofika, akawaambia watu watatu watafute mhariri mwengine. Hapo ndipo ilipo hesabu yake. Kalenda inayomhusu ni ya Hijria, ile ya watengeneza prosesa wa California na Taiwani haijui Mfunguo Mosi. Kama mashine inamkosesha kazi tatu kwa msimu mmoja, kungoja kuna bei, na bei hiyo anailipa yeye.

Basi anunue? Subirini. Kumwambia mtu asingoje si kumwambia anunue kilicho ghali. Kwanza tujue kinachomchelewesha.

Nawaomba wasikilizaji wenye kompyuta za Windows mfanye jambo hili, halina gharama. Fungua programu ya Task Manager wakati mashine inahangaika, si wakati imetulia. Tazama mistari: prosesa, RAM, diski, kadi ya grafiki. Ule uliogonga juu kabisa na kubaki huko ndio unaokungojesha. Nimeona watu wakibadilisha prosesa nzuri, na kilichokuwa kimejaa ni RAM ya gigabaiti 8. Nimeona wanaolalamikia prosesa huku mafaili yao yamo kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, ambayo SSD ya bei ndogo ingeimaliza shida yake.

Kwa binti yetu, prosesa kweli ilikuwa juu kabisa, tangu klipu inapoanza kucheza. RAM nayo imejaa. Lakini kwa nini video ya harusi iishinde Core i7? Hapa ndipo penye kiini cha habari, na naomba mnivumilie kidogo.

Kamera yake inahifadhi video kwa mtindo wa H.265. Mtindo huu hauhifadhi kila picha kwa ukamilifu. Unahifadhi picha moja nzima, kisha kwa picha nyingi zinazofuata unaandika tu kilichobadilika: mkono umesogea, shela imepepea. Faili linakuwa dogo, lakini kompyuta inayolifungua lazima ijenge upya kila picha kutokana na zile za jirani. Mhariri akirudi nyuma kidogo kwenye taimulaini, ujenzi unaanza tena. Juu ya hilo, kamera za siku hizi zinaweka rangi kwa undani zaidi, biti 10 katika mpango unaoitwa 4:2:2. Rangi hizo ni nzuri kwa maua, hina na dhahabu, na ndizo zinazoiua kompyuta.

Sasa, prosesa inaweza kuifungua video hiyo kwa njia mbili. Moja ni kwa mabavu, viini vyote vikipiga hesabu. Ya pili ni kwa sakiti maalumu iliyomo ndani ya sehemu ya grafiki, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Prosesa za Intel za kizazi cha 12, zilizoanza kutoka mwisho wa 2021, zina sakiti inayoufungua mtindo huo wa H.265 wa biti 10 na 4:2:2. Ryzen 9 9950X, pamoja na viini vyake 16 na bei yake, sehemu yake ndogo ya grafiki haina sakiti ya 4:2:2. Itafungua kwa mabavu, itaweza, huku inakula umeme na kuchemsha chumba. Core i5-12400, iliyotoka Januari 2022 kwa dola zisizofika 200, inaifungua kupitia ile sakiti, na programu kama Premiere Pro inajua kuitumia.

Msinielewe vibaya. Kwa kurenda video ndefu yenye vikolombwezo vingi, 9950X itaiacha i5 mbali sana. Lakini mateso ya binti huyu yako mchana, saa sita mfululizo za kukata na kuunganisha huku picha inakwama. Hayo hayaondolewi na viini 16, yanaondolewa na ile sakiti. Kurenda kunafanyika usiku, naye amelala.

Na hapa pana mtego wa sokoni. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, kama i5-12400F, hazina sehemu ya grafiki, na kwa hiyo sakiti hiyo haimo. Zinauzwa kwa bei ya chini kidogo, na muuzaji atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba ni kitu kimoja. Kwa mcheza michezo mwenye kadi kubwa ya grafiki haina neno. Kwa mhariri wa harusi, herufi ile moja inaondoa kile alichokifuata dukani. Mwenye fedha za kadi ya grafiki anaweza kuifuata njia nyengine, maana kadi za Nvidia za mfululizo wa RTX 50, zilizoanza kutoka Januari 2025, nazo zinaifungua 4:2:2. Lakini hizo bei yake ni habari nyengine.

Tuje kwenye umeme, jambo ambalo majarida ya nje hayaliandiki kwa sababu kwao halipo. Unguja inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mwaka 2008 tulikaa kiza karibu mwezi mzima. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, na wengi wenu mnakumbuka jenereta zilivyokuwa zikinguruma Darajani na Mlandege, na bei ya barafu. Waya mpya wa megawati 100 ulipoanza kazi mwaka 2013 hali ilibadilika sana, alhamdulillahi. Lakini kukatika kwa dakika kumi bado kupo, na umeme unaporudi hurudi na kishindo chake. Anayerenda faili la saa mbili, likakatika dakika ya mwisho, anaanza upya.

Prosesa kubwa inaongeza uzito hapa. Ile 9950X imepimwa kwa wati 170 na ikikaza kazi inapanda mpaka 230. Core i9-14900K inaruhusiwa kufika wati 253. Ongeza kadi ya grafiki, skrini na vyenginevyo, ile UPS ndogo inayouzwa madukani haitaihimili hata muda wa kulihifadhi faili. I5-12400 imepimwa kwa wati 65. UPS ndogo inaibeba na dakika zinabaki za kuzima kwa utulivu. Halafu joto. Wakati wa kaskazi chumba cha zege kinafika digrii 32 bila ya kompyuta. Wati 200 zinazotoka kwenye prosesa zinabaki humo humo chumbani, utaziondoa kwa kiyoyozi, na kiyoyozi kinakula Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Feni inayozunguka kwa nguvu usiku kucha inavuta vumbi na hewa ya chumvi ya bahari. Nyumbani Kikwajuni, bei ya prosesa kubwa haiishii kwenye risiti ya dukani.

Kuhusu kungoja bei ishuke, nitatoa mfano mmoja wa hesabu. Aprili 2023 AMD walitoa Ryzen 7 7800X3D kwa dola 449. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,340, kwa hiyo prosesa ni shilingi milioni moja na hamsini elfu, bila usafiri. Katikati ya 2024 dola ilikuwa imepita 2,600. Ili ununue kwa shilingi zile zile ulizokuwa nazo, bei ya dola lazima iwe imeshuka karibu mpaka 400. Hilo ni punguzo la dola hamsini, mzungumzaji wa video za Marekani analisherehekea, na wewe wa Unguja hukupata hata senti, limeliwa na shilingi. Baadaye shilingi iliimarika, ndiyo, lakini mwisho wa 2024 akiba ya prosesa ile madukani ilipopungua, bei ya dola nayo ikapanda tena. Nani angeyapanga hayo?

Mwisho wa 2025 tumeona jengine. Viwanda vya kumbukumbu vimeelekeza nguvu kwenye vituo vikubwa vya akili unde, na bei ya RAM ya DDR5 ikapanda zaidi ya maradufu ndani ya miezi michache. Disemba 3, 2025, Micron wakatangaza kwamba wanaiacha Crucial, chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida. Aliyekuwa amejizuia ili angoje prosesa mpya amejikuta RAM ya kuiwekea imempita bei. Kompyuta hainunuliwi prosesa peke yake, na kila kipande kina soko lake.

Liko suala moja linalomkataza huyu binti kungoja sana, na halina uhusiano na kasi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa kawaida waliojiandikisha walipewa marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Windows 11 kwa masharti yake rasmi haiikubali Core i7 ya kizazi cha nne, inataka kizazi cha nane kwenda mbele. Kwa mtu anayeandika barua hilo si la kumkosesha usingizi. Kwa mtu aliyehifadhi harusi za wanawake wa mji mzima, kompyuta isiyolindwa, tena iliyounganishwa na intaneti, ni hatari ambayo mimi siwezi kumshauri aibebe. Nilimwambia jioni ile ile aichomoe intaneti kwenye mashine ya kuhariria, na WhatsApp aifungue kwengine.

Basi nilichomshauri ni hiki. Kwa msimu huu, kabla hajatoa hata shilingi, atengeneze proksi: kompyuta inabadilisha klipu zote usiku kuwa nakala ndogo nyepesi, yeye anahariri zile nyepesi mchana, na mwisho programu inarudi kwenye klipu asilia ili kutoa video ya mwisho. Alijaribu, na taimulaini ikatembea kwenye ile ile kompyuta ya 2013. Kurenda bado ni usiku kucha, lakini mchana wake ameupata.

Halafu akiba yake isiende kwa kaka kununua 9950X. Anunue Core i5 ya kizazi cha 12, isiyo na F. Kizazi hicho hakikuguswa na ule mtihani wa volteji. Mazabodi iwe ya aina inayopokea DDR4, kwa sababu RAM ya DDR4 ya mtumba inapatikana kutoka kompyuta za ofisini, na gigabaiti 32 zitamtosha. SSD ya kufanyia kazi, diski mbili za kuhifadhia, moja ibaki nyumbani na moja kwa mama yake, zote zimefungwa kwa nywila. UPS nzuri. Bado atabakiwa na fedha, na fedha hizo nimemwomba asizile kwa kuongeza prosesa. Siku kazi zikizidi, soketi ile ile inapokea mpaka i7 na i9 za kizazi cha 14, ambazo wakati huo zitakuwa mtumba, na maikrokodi ya mazabodi atakuwa amekwisha kuisasisha.

Hakufurahi sana, niseme kweli. Ana shoga yake anayehariri Mombasa mwenye mashine yenye taa za rangi na jina la i9, na barazani vijana wanayataja majina hayo kwa heshima. Namwelewa. Lakini mimi nimeona akiba za vijana wetu zikimalizikia kwenye sanduku moja la gharama, halafu hakuna fedha ya diski ya pili, na siku diski ya kwanza inapokufa harusi ya mtu imepotea milele. Hilo linaniuma kuliko kompyuta kwenda polepole.

Wako wanaostahiki prosesa kubwa, na kwao jibu langu ni kununua leo. Mchora ramani za nyumba anayetengeneza picha za hoteli ya Nungwi kwa Blender au V-Ray, prosesa ikipiga hesabu usiku na mchana, kila kiini atakachoongeza anakigeuza kuwa saa za kazi. Mtafiti anayeendesha modeli za mawimbi au za hali ya hewa, vivyo hivyo. Kama kazi ipo mkononi na mteja anangoja, usikae kuhesabu miezi ya toleo lijalo. Akichukua soketi ya AM5, AMD wameahidi kuendelea nayo mpaka 2027 na zaidi, kwa hiyo mlango wa kuongeza baadaye haujafungwa. Na mwenye kompyuta isiyofika miaka mitatu, kazi zake zinakwisha kwa wakati, huyo akae nayo, fedha yake aifanyie jengine.

Kwa wale wenye jamaa Dubai, kabla kaka hajakwenda kwenye maduka ya barabara ya Khalid bin Al Waleed kule Bur Dubai, mwambieni haya. Prosesa inauzwa kwa namna mbili, iliyomo kwenye boksi lake la kiwandani na ile isiyo na boksi, iliyotolewa kwenye trei. Ya boksi ina dhamana ya kiwanda, kwa kawaida miaka mitatu. Ya trei dhamana yake ni muuzaji, na muuzaji yuko ng'ambo ya bahari na nyinyi mko Kikwajuni. Tofauti ya bei ni ndogo. Achukue ya boksi, asome jina mpaka herufi ya mwisho, aulize dukani wanarudisha ndani ya siku ngapi, na aje nayo mapema ili mashine iunganishwe na irende usiku kucha kabla siku hizo hazijapita. Risiti aipige picha na kuituma kabla hajapanda ndege.